Mdomo Usio na Kibandiko

Mzee Cosmas Okwakol, fundi mkuu wa laini katika kituo chetu cha simu cha Malaba, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na sita na miezi tisa kazini. Aliingia Februari 1989, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Kamuriai, na koleo jipya mfukoni. Anatoka akiwa babu wa wajukuu saba, na koleo ni lile lile. Mpini wake umezungushiwa utepe mweusi mara nyingi mno hata hakuna anayekumbuka ulikuwa wa rangi gani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Gaudencia Obuya, karani mkuu, kwa sababu nimefanya kazi naye miaka ishirini na saba, na kwa sababu, kama alivyosema meneja wetu Bi. Vivianne, Kiswahili changu hakina makosa. Hapo kwenye makosa tutarudi.

Nilipanga kuandika ukurasa mmoja wa kuchekesha, tule keki, tupige picha, basi. Jumatatu nikaletewa faili lake ili nichukue tarehe. Nililifungua saa nne asubuhi, chai ikiwa mbele yangu. Chai hiyo sikuinywa. Nitawaeleza kwa nini, lakini nimelelewa kwa utaratibu: kwanza kazi ya mtu, halafu mengine.

Nguzo za simu kutoka Malaba kushuka Busia mpaka Sio Port, Mzee Okwakol anazijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Anajua iliyopinda kwa lori, iliyoliwa na mchwa, na ile ya Khunyangu iliyo na nyuki, ambao wamemuuma mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amewaambia wenzake kwamba nyuki wamehama. Mafuriko yalipong'oa nguzo kumi na nne kwenye mto Sio, alikaa kule siku tisa akila omena, wale dagaa wa ziwani, asubuhi, mchana na jioni. Akarudi na laini inaongea. Tangu hapo ukimwekea omena mezani anasimama.

Lakini jina lake la utani hasa lilitokana na modemu. Vijana wa siku hizi wa faiba hamjui, kwa hiyo nieleze. Zamani kompyuta haikuwa na njia yake. Ilibidi ipige simu kama binadamu, kwa laini ileile ya shaba, na kile kisanduku kilichoipigia simu ndicho modemu. Ukiinua mkonga wa simu wakati modemu inaongea, unasikia mlio wa kukwaruza, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Maajenti wa mizigo hapa mpakani ndio waliozileta, ili watume karatasi za malori kabla malori hayajafika. Wengine waliziingiza kimagendo kutoka ng'ambo, wakakwangua waya wa simu kwa wembe, wakajiunganishia wenyewe.

Matokeo yake hayakuchelewa. Kule Khunyangu, nyumbani kwetu, modemu ya ajenti mmoja ilikosea namba ikawa inampigia katekista kila baada ya dakika moja, siku nzima. Katekista akipokea, anasikia mlio. Alikata shauri kwamba ni pepo. Akaita wanajumuiya, wakaizunguka simu kwa rozari, na mwishowe akaimwagia maji ya baraka. Simu ikazimika papo hapo, na pepo nao wakanyamaza. Mzee Okwakol alipokwenda kuitengeneza alikuta kijiji kizima kimeshuhudia muujiza, na akaona si vizuri kuwaharibia.

Ya Busibwabo haikuwa ya kucheka. Septemba 1996 mnunuzi mmoja wa mahindi alikuwa ameunganisha modemu aliyoitengenezea mwenyewe kifaa cha umeme, na umeme wa nyumba ukaingia kwenye laini ya simu. Mzee alikuwa juu ya nguzo. Alishika waya ambao kwa kawaida hutekenya tu, ukamrusha. Mkanda ndio uliomwokoa. Alishushwa hana fahamu, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikauka vikiwa vimejikunja. Tangu siku hiyo hushika penseli kati ya kidole gumba na kiganja, na mwandiko wake unafanana na njia ya kuku.

Ndiyo maana kanuni za kuunganisha modemu zilipoletwa kituoni kwetu mwaka 1998, yeye hakuziona kama karatasi za wakubwa. Alizipokea kwa mikono miwili. Modemu yoyote ipimwe na ipewe kibandiko cha kijani. Iunganishwe kwenye soketi iliyowekwa na fundi wa shirika, si kwenye waya uliokwanguliwa. Ikipiga mara nne bila kupokelewa, inyamaze dakika kumi. Isikopeshwe jirani. Isiyo na kibandiko itakatwa bila onyo. Aliziandika zote kwa Kiswahili, kwa penseli, kurasa mbili, ili zichapwe na kubandikwa kwenye kila kibanda cha simu. Akampa karani mpya azichape, yeye akaenda Sio Port kuinua nguzo.

Karani mpya alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, niko kwenye majaribio ya miezi sita. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wadogo zangu wanne walikuwa wakinitegemea mimi na taipureta ile. Neno modemu sikuwa nimelisikia hata siku moja. Nililitazama katika ule mwandiko wa kuku, nikamhurumia mzee wa watu. Nikajisemea, maskini, Mteso huyu wa Kamuriai na Kiswahili chake, hata mdomo hajui kuuandika.

Nikamsahihishia.

Tena si mahali pamoja, ni mahali kumi na moja. Na kwa kuwa sarufi yangu ilikuwa safi, nikasawazisha na ngeli zote. Meneja wa wakati ule akatia sahihi huku akiongea na mgeni, na nakala themanini zikatoka. Zilibandikwa Busia, Malaba, Sio Port, Khunyangu, kila penye kibanda. Zilisema hivi: Ni marufuku kuunganisha mdomo na laini ya simu bila idhini. Kila mdomo upimwe na fundi wa shirika na ubandikwe kibandiko cha kijani. Mdomo ukipiga mara nne bila kupokelewa, unyamaze dakika kumi. Ni hatia kumkopesha jirani mdomo. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: MDOMO USIO NA KIBANDIKO UTAKATWA BILA ONYO.

Woi! Hata leo nikiyaandika natamani ardhi inimeze.

Wananchi walitii. Hilo ndilo linalonishangaza hadi kesho, jinsi walivyotii. Wafanyabiashara wa ng'ombe pale Malaba waliushika mkonga mbali na uso, mkono umenyooka, wakapiga kelele kutoka pale ili mdomo usigusane na laini. Wengine waliongea na leso mdomoni. Mwalimu mmoja alituandikia barua kuuliza kama kanuni inahusu pia wanaosikiliza tu. Wengi zaidi waliacha kabisa kupiga simu. Na kwa majuma matatu, foleni ikawa mlangoni petu, watu wazima wamepiga mswaki vizuri, wamekuja kupimwa midomo.

Mama Mugeni, muuza omena wa Sio Port, ndiye ambaye hatutamsahau. Binti yake alikuwa karibu kujifungua Nakuru, na mama alitaka kuongea naye. Mzee Okwakol, ambaye ndiyo kwanza amerudi na amesoma tangazo lake akiwa amesimama na akamaliza akiwa ameketi, alijaribu kumweleza kwamba ni makosa ya kuchapa, kwamba mdomo wake hauna shida yoyote na serikali. Mama alikataa katakata. Alisema, yawa jamani, hao wanaokata hawatamuuliza Okwakol, watauliza kibandiko, na yeye mdomo anao mmoja tu. Basi Mzee alifungua droo, akabandua kibandiko kimoja cha kijani, akakibandika nyuma ya kitambulisho cha mama, akatia sahihi. Mama akaenda kibandani akaongea na binti yake robo saa, kwa sauti ya mtu mwenye haki zake. Mtoto alizaliwa salama. Kibandiko kile aliwaonyesha watu mpaka karatasi ikachakaa.

Mimi siku zile nilikuwa nikifika kazini na kuinamia taipureta. Nilijua ni mimi. Mzee alijua ni mimi. Hakuniambia neno baya, ila aliniletea modemu moja mezani, akaiweka karibu na taipureta, akaniambia, "Dada, huyu ndiye mgeni wetu. Anaitwa modemu." Akaondoka zake.

Kisha wakubwa wakaja kutoka makao makuu, watatu, na nakala ya tangazo kwenye bahasha. Waliingia ofisini kwa meneja wakamwita Okwakol. Mimi nilibaki nje nikiwa tayari nimekusanya vitu vyangu kwenye mfuko: kikombe, kanga, na kamusi. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki majaribio yangu yaishe. Walipotoka walinipita bila kunitazama. Okwakol naye akapita, akasema kwamba mambo yamekwisha, nirudi kwenye kazi. Siku kumi na moja zikapita, nikathibitishwa. Nikaamini yale yamechukuliwa kuwa utani, yamepita kama upepo. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka ishirini na saba. Au labda ndivyo nilivyotaka kuamini, kwa sababu sikuuliza.

Na sisi sote tukampa jina. Mzee Mdomo. Hata kwenye zawadi za Krismasi tuliandika Mzee Mdomo. Wageni walisimuliwa jinsi alivyotaka kukata midomo ya wilaya nzima, na mimi nilicheka pamoja na wengine, labda kuwazidi. Yeye aliitika jina hilo kwa heshima, kana kwamba alibatizwa nalo.

Sasa turudi Jumatatu, saa nne asubuhi.

Karatasi ya ishirini na mbili katika faili lake ni barua ya onyo kali ya Septemba 1998, kwa kosa la kuchapa na kusambaza tangazo la kulitia shirika aibu. Nyuma yake kumebanwa maelezo ya mkosaji, mistari mitatu, nayo inasema: Tangazo nimeliandika mimi na nimelichapa mimi. Karani mpya hakuhusika, alikuwa ameenda posta. C. Okwakol.

Jamani! Posta gani? Sikuwa nimeenda posta. Na mtu huyu hajawahi kugusa taipureta maishani mwake, kwa vidole vipi? Hata ujumbe wa simu hadi leo hutuma kwa sauti. Na maelezo yenyewe, ya kukiri kwamba amechapa, yameandikwa kwa penseli, kwa mwandiko uleule wa kuku! Wakubwa watatu waliyasoma, hakuna hata mmoja aliyemwambia achape herufi moja waone. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilihisi kama mimi ndiye niliyeshika ule waya wa Busibwabo.

Nikafunua mbele. Mwaka 2003 aliomba cheo cha msimamizi wa kituo, akanyimwa. Mwaka 2009, akanyimwa. Mwaka 2014, akanyimwa. Kila mara sababu ni moja, imeandikwa na kamati kwenye karatasi za ndani: fundi hodari, lakini ana onyo, si makini na maandishi. Na barua tatu za kumjulisha, zile fupi za kusema kwamba kwa kuzingatia rekodi iliyopo ombi lake halikufaulu, ziko pale na herufi za mchapaji chini kushoto. G.O. Ni mimi. Nilizichapa mimi, kwa sarufi safi, nikampelekea mwenyewe mezani. Mara zote tatu alisema asante, dada.

Waswahili walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakusema kwamba mdomo unaweza kuwa wa mtu mmoja na kichwa cha mwingine.

Nilimkuta stoo akikunja waya. Nilitaka kusema mengi lakini nililia tu, mwanamke mzima wa miaka arubaini na tisa, na faili nimelikumbatia. Aliniacha nilie. Halafu akaniambia, "Wewe ulisahihisha ukidhani unanisaidia. Mtu hafutwi kazi kwa kusaidia." Nilipomwambia kwamba nitawaandikia makao makuu leo hii, alikasirika, na hasira ya Okwakol mimi nilikuwa sijaiona. Alisema faili limeshafungwa, yeye anaenda nyumbani, mimi bado nina miaka kumi na moja mbele, wacha. Sikuwacha. Mtu asiondoke hapa akiwa amebeba mzigo wangu mpaka Kamuriai.

Barua nilituma mchana huohuo. Majibu yalikuja Jumatano, katika shirika hili linalochukua miezi mitatu kuidhinisha ununuzi wa ngazi ya kupandia nguzo, na hilo nalo lilinishtua. Onyo la 1998 limefutwa katika faili la Mzee. Vyeo vitatu haviwezi kurudishwa, wamesema, na ni kweli, na hilo linaniuma na litaendelea kuniuma. Mimi nami nimepewa barua yangu ya onyo, imechelewa miaka ishirini na saba, na sasa iko mahali pake. Barua ya utumishi itakayosomwa Ijumaa mbele ya mama watoto wake, Mama Among, na wajukuu, inasema kwamba rekodi yake ni safi. Nimeichapa mimi. Mara hii nilimpelekea aisome kabla haijatiwa sahihi, akaisoma mara mbili kwa penseli mkononi. Hakusahihisha kitu.

Mwezi Machi mwaka huu aliichomoa modemu ya mwisho iliyokuwa imebaki kwenye laini ya shaba, katika ofisi ya ajenti mmoja hapa mpakani. Aliipangusa vumbi akaileta kituoni. Iko kabatini, kibandiko chake kimepauka lakini kinasomeka. Kutoka ile ya Busibwabo mpaka hiyo, hakuna fundi mwingine aliyerushwa na umeme wa modemu katika eneo letu. Hilo Mzee Okwakol ndilo analojivunia, na anastahili.

Kwa wasifu huu nilitakiwa nimalizie kwenye keki. Bi. Vivianne, aliposikia ninachotaka kuandika, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa kuwa Mzee mwenyewe alisema nisiseme. Kwa hiyo jana nilirudi kwa Mzee kuomba ruhusa. Alikuwa akisafisha droo yake. Sikumaliza hata sentensi. Aliingiza mkono ndani kabisa, akatoa kile kikaratasi cha zamani cha vibandiko, kilikuwa kimebaki kibandiko kimoja. Akakibandua kwa kidole gumba, akaomba kadi yangu ya kazi, akakibandika nyuma yake, akatia sahihi kwa penseli. Kisha akaendelea kusafisha droo.

Mzee Okwakol, kwa Kiteso chenu, eyalama noi, asante sana. Kwa niaba ya kituo kizima, asante kwa nguzo zote, hata ile ya nyuki. Nenda ukapumzike na Mama Among, ng'ombe wako wanenepe, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na sisi tukikupigia simu kuuliza waya upi unaenda wapi, tukizidisha mara nne una ruhusa ya kutunyamazia dakika kumi. Kuanzia leo, anayetaka kusimulia kisa cha midomo atamke jina lililo sahihi, na jina hilo ni Gaudencia. Nimelisema mwenyewe, na mdomo wangu una kibandiko.